Fremu Tupu za Mzee Singano

Fremu kumi na moja zilining'inia ukutani, zimenyooka, vioo vyake vimefutwa vikang'aa. Ndani ya kila moja mlikuwa na karatasi nyeupe, tupu.

Inspekta Mwajuma Ngoda alisimama katikati ya chumba, glavu mkononi. Alikuwa na miaka tisa katika upelelezi wilayani Lushoto. Alishashughulikia wizi wa ng'ombe, wa mbao za msitu, wa pampu za maji, hata wa kengele ya kanisa. Hakuwahi kuona wizi uliopigwa deki.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba," alijibu Mzee Fanueli Singano bila kugeuka. Alikuwa mhadhiri mstaafu wa sanaa, mrefu, amevaa sweta la sufu na skafu. "Andika jina tusipoteze muda. Zabron. Yuko jikoni."

"Ndiye nani?"

"Mlinzi wangu, mpishi wangu, kila kitu changu. Miaka ishirini na sita. Ufunguo wa chumba hiki tunao wawili tu duniani."

Inspekta aliutazama mlango. Kitasa kilikuwa kizima. Komeo halikuwa na mkwaruzo. Madirisha yalikuwa na nondo.

"Nieleze kilichoibiwa."

"Mabango."

Koplo Kassimu, aliyekuwa anapiga picha eneo la tukio, alishusha kamera. "Mabango kama yale ya kampeni, mzee?"

Mzee Singano alimtazama kama mtu aliyetemewa mate.

"Mabango ya maonyesho ya sanaa. Baada ya vita vya pili, wachoraji wakubwa wa Ulaya walikuwa wakitangaza maonyesho yao kwa mabango waliyoyachora wao wenyewe. Yalichapwa kwa jiwe, kijana. Rangi moja inapita, inakauka, inapita nyingine. Ukipitisha kidole unausikia wino. Yalibandikwa mitaani, mvua ikayala, watu wakayachana. Yaliyobaki duniani ni machache. Mimi nilikuwa nayo kumi na moja, ya miaka ya hamsini."

"Uliyapata wapi?"

"Ni ya Ulaya."

Inspekta aliandika jibu lile, kisha akaweka alama pembeni. Swali lake lilikuwa "wapi". Jibu lilikuwa la swali jingine.

"Mara ya mwisho kuyaona?"

"Wiki mbili zilizopita. Nilikwenda Dar kutibiwa macho, nimerudi jana. Kila fremu huwa imefunikwa kitambaa cheusi, mwanga unaua rangi. Leo asubuhi nimefunua cha kwanza." Alinyoosha mkono kuelekea ukutani. "Nimefunua vyote."

Inspekta Mwajuma aliteremsha fremu moja akaigeuza. Mgongoni ilikuwa imezibwa kwa karatasi ya kaki, imebandikwa kingo zote nne bila kikunjo hata kimoja. Aliteremsha ya pili. Vilevile. Ya tatu vilevile. Alivua glavu moja, akapitisha kidole kwenye ukingo. Ubandikaji ulikuwa mpya. Gundi ilikuwa ngumu, yenye chengachenga.

"Kassimu, wewe ukiiba picha, utaifunga fremu tupu nyuma ili vumbi lisiingie?"

"Mimi nikiiba ninakimbia, afande."

"Na huyu hakukimbia."

Alijifuta jasho kando ya jicho. Dakika haikupita, jicho likawaka moto. Machozi yalimtoka mpaka shavuni.

"Afande, unalia?"

"Nyamaza. Niletee maji."

Aliosha jicho bombani, mara nne. Kisha akarudi, akakata kipande kidogo cha karatasi ya kaki kwa wembe, akakitia kwenye bahasha ya vielelezo na kuandika tarehe.

Mkuu wake alipiga simu kabla hata hawajamaliza kukagua. Mzee Singano alikuwa ametangulia kumpigia yeye. Amri ilikuwa fupi: Zabron awekwe mahabusu, kesho saa nne asubuhi afikishwe mahakamani.

*

Zabron alikuwa na miaka sitini na moja na mabega ya mtu aliyebeba kuni maisha yake yote. Aliketi kwenye benchi la chumba cha mahojiano, kofia magotini.

"Shikamoo, baba," alisema Inspekta.

Mzee yule alishtuka. Tangu asubuhi hakuna aliyemsalimia. "Marahaba, mwanangu."

"Ufunguo wa chumba cha picha ulikuwa na nani?"

"Mimi."

"Siku zote?"

"Siku zote."

"Mzee wako alipokuwa Dar, nani aliingia?"

"Hakuna."

"Wewe ulitoka?"

"Sikutoka. Nilikatazwa kutoka."

"Hata siku moja?"

"Hata saa moja."

Alijibu haraka mno. Inspekta aliinua macho. Zabron alikuwa anaisokota kofia.

"Baba, unajua kesho unakwenda wapi?"

"Najua. Ameshamtuma mtu avitoe vitu vyangu nje. Kitanda changu kiko barabarani." Aliikunjua kofia magotini. "Miaka ishirini na sita sijala hata sukari yake bila kuomba. Nikifungwa kwa wizi, nyumbani nitaingiaje? Nitasalimiaje watu?"

Mlangoni Koplo Kassimu alikohoa. Akakohoa tena.

"Una kifua?" Inspekta aliuliza.

"Hapana, afande. Ila Jumatano iliyopita huyu mzee nilimwona kijijini Gare. Kwenye mazishi. Alikuwa amebeba jeneza, mimi nilikuwa nyuma yake."

Inspekta alimgeukia koplo wake.

"Na umekaa nalo tangu asubuhi?"

"Sikuulizwa, afande. Na nilikuwa natafuta namna ya kusema bila kumtia hatiani, maana marehemu alikuwa jirani wa shangazi yangu."

Inspekta alimrudia Zabron. "Gare ulikwenda kufanya nini?"

Mzee aliinamisha kichwa. "Kumzika dada yangu. Nilimpigia mzee Dar nikaomba ruhusa. Akasema nyumba isiachwe, watazika wengine. Dada yangu, wa tumbo moja." Alifuta pua kwa kofia. "Nikaenda. Nikisema nilitoka, nimeasi. Nikisema sikutoka, nimeiba. Nikaona bora niitwe mwizi kwa uongo kuliko muasi kwa kweli."

"Ufunguo ulibaki na nani?"

"Alikuja fundi wa fremu. Huja kila mwanzo wa mvua kuangalia unyevu. Nikamwachia afanye kazi yake. Niliporudi jioni alikuwa amefunika kila kitu, amefagia, ufunguo ameutia chini ya chungu cha maua. Fundi ni mtu mzuri, mwanangu. Usimguse."

"Anaitwa nani?"

"Raheli."

*

Kibanda cha Raheli kilikuwa nyuma ya soko la Lushoto, kati ya fundi cherehani na muuza matunda damu. Kilikuwa kimefungwa kwa kufuli.

"Mie sijui kitu," alisema Salama, fundi cherehani, kabla hajaulizwa. Aliendelea kukanyaga mashine.

"Sijakuuliza bado, mama."

"Ndiyo nakwambia mapema. Kaondoka Alhamisi alfajiri, kabeba rola kubwa, kaifunga kwenye shuka. Nikamuuliza ni nini, kanambia ni kuta. Nikacheka. Mtu anabeba kuta begani?"

"Kaenda wapi?"

"Kwao, Mtae. Mama yake, Bibi Yusta, akili imempotea. Kila asubuhi anafunga mzigo wake anataka arudishwe nyumbani, na yuko nyumbani. Mwezi mzima hali chakula. Amebaki fito." Salama alisimamisha mashine. "Huyo mtoto hajalala tangu Pasaka. Ukimkuta kakosa, afande, mkemee taratibu."

Inspekta alichungulia dirishani. Mezani palikuwa na brashi, rula ndefu na sufuria ya uji ulioganda.

"Ile ni gundi?"

"Uji wa muhogo. Usije ukaishika halafu ukagusa jicho, utanikumbuka! Watu wa Mtae wanausaga pamoja na pilipili. Ndivyo wanavyobandika magazeti ukutani kwao, panya na mende wasile. Mjini hapa tunanunua gundi ya dukani, lakini Raheli hasikii. Anasema kazi isiyo na pilipili si kazi."

Jicho la Inspekta lilimwasha upya kwa kusikia tu.

Alimpigia Mzee Singano hapohapo.

"Mzee, nakuuliza mara ya pili. Mabango uliyatoa wapi?"

Mlango ulisikika ukifungwa upande wa pili.

"Mtae."

"Kwa nini ulisema Ulaya?"

"Yalichapwa Ulaya. Sikusema uongo."

"Kwa nani Mtae?"

"Familia moja. Nina hati, imewekwa dole gumba mbele ya mwenyekiti wa kijiji. Kuna mwalimu wa kike, Mzungu, aliishi hapa zamani. Kaka yake alikuwa mchapaji huko Paris. Alipoondoka alimwachia mtunza bustani wake, sasa marehemu, rola ya karatasi. Mtunza bustani akazibandika ukutani kwenye nyumba ya udongo. Ukutani, Inspekta! Moshi wa kuni unazipiga miaka hamsini!"

"Jina la mjane wake?"

"Yusta."

"Na binti yake ndiye fundi wako wa fremu."

"Ndiyo. Nani mwingine angejua kuyabandua? Nilimfundisha mimi kazi." Kisha sauti ikabadilika. "Unataka kusema nini?"

"Nakwenda Mtae. Kama una gari, nifuate. Na usione haya, mzee: tangu asubuhi kila mtu aliyenijibu amenificha kitu, na wewe ndiye wa kwanza."

*

Barabara ya Mtae haina huruma na gari wala na mgongo. Walipita msitu wa Magamba kwenye ukungu, wakapita mashamba ya kabichi ya Lukozi, wakaanza kupanda na kushuka mpaka Koplo Kassimu akaacha kuzungumza, jambo ambalo halikuwa la kawaida. Saa tisa alasiri walifika mwisho wa mlima, pale ardhi inapokatika na tambarare yote ya chini kuonekana kama imemwagwa.

Nyumba ya Bibi Yusta ilikuwa ya tofali za saruji, bati la bluu, madirisha ya vioo. Mlango ulikuwa wazi. Ndani hapakuwa na mtu, wala dalili kwamba mtu analala humo.

Moshi ulitoka nyuma.

Nyuma palikuwa na nyumba nyingine, ndogo, ya fito na udongo. Udongo wake ulikuwa bado haujapauka. Kizingitini aliketi mwanamke wa miaka ishirini na tisa, anamenya viazi. Aliwaona, akaweka kisu chini, akanawa mikono. Hakukimbia.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Wewe ni Raheli?"

"Ndiyo."

"Unajua kilichonileta?"

"Nilitegemea Jumapili. Mmechelewa."

Gari la Mzee Singano liliingia uani. Raheli alisimama, akapiga goti kidogo kama alivyofunzwa. "Shikamoo, mzee."

Singano hakuitikia. Alimpita, akaingia ndani, na wote wakasikia alivyoguta.

Inspekta alimfuata. Chumba kilikuwa kimoja, chembamba, na kuta zake zilikuwa zinawaka rangi. Jogoo mwekundu asiye na miguu. Mwanamke wa bluu asiye na uso. Mstari mmoja mweusi uliozunguka ukageuka ndege. Maandishi makubwa ya Kifaransa, miaka, majina ya mitaa. Mabango yote kumi na moja yalikuwa yamebandikwa moja kwa moja kwenye udongo, kingo zimezibwa kwa magazeti ya zamani.

Kitandani chini ya jogoo alikuwa ameketi bibi mdogo, amejifunga khanga mbili, sahani ya viazi mapajani. Alikuwa anakula. Aliwatazama wageni, akasema kwa Kishambaa kwamba wapishe mlangoni, wanamkinga mwanamke wa bluu asipate mwanga.

"Umeyaua," alinong'ona Singano. "Umeyaua, Raheli."

Inspekta aliwatoa wote nje. Alifungua daftari.

"Raheli, una haki ya kukaa kimya. Utakachosema nitakiandika, na kinaweza kutumika mahakamani. Umenielewa?"

"Nimekuelewa. Andika."

"Uliyachukua lini?"

"Jumatano. Baba Zabron alipokwenda kuzika."

"Ulijua atakwenda?"

"Hapana. Nilikuwa nimepanga kumdanganya anitafutie kamba sokoni. Msiba ukanifungulia mlango."

"Nani alikusaidia?"

"Hakuna. Fito nilikata mwenyewe tangu Pasaka. Majirani walinisaidia kukandika udongo, hawakujua wanakandikia nini."

"Kwa nini uliziba zile fremu?"

Kwa mara ya kwanza Raheli alionekana kushangaa. "Ningeziachaje wazi? Vumbi lingeingia kwenye kioo."

Koplo Kassimu aligeukia pembeni kuficha uso.

"Ulitaka kuyauza?"

"Ungeyakuta ukutani?"

"Basi nieleze ulitaka nini."

Raheli alipangusa mikono kwenye khanga. "Miaka tisa iliyopita mzee huyu alikuja na mchungaji kutembelea. Akaona kuta zetu, akakaa chini akalia. Kesho yake akaja na ahadi: atatujengea nyumba ya tofali, sisi tumpe ile ya udongo aibomoe. Mama akaweka dole gumba. Niliyabandua mimi, kwa vitambaa vibichi, siku kumi na mbili. Nilikuwa najivuna. Nilidhani tumepata."

"Mlipata nyumba!" alisema Singano. "Bati la kisasa!"

"Tulipata, mzee. Sikatai. Kisha mwaka juzi mama akaanza kusahau. Akasahau jina langu. Akasahau baba amekufa. Lakini kuta zile hakuzisahau. Akiamka anaangalia ukuta wa saruji, anafunga mzigo. Anasema, nirudisheni kwangu, hapa kwa watu. Nikimshika ananipiga. Akaacha kula."

"Ungemwomba mzee," alisema Inspekta.

"Nilimwomba mara tatu. Muulize."

Singano alishika skafu yake. "Nilimpa nakala! Nilizichapisha Tanga, ukubwa uleule, rangi zilezile. Nani mwingine angefanya hivyo?"

"Alinipa, ni kweli. Nikazibandika mle kwenye nyumba ya saruji. Mama akazipapasa kwa kiganja, moja baada ya moja. Halafu akaniuliza, hawa wageni ni akina nani, na wataondoka lini?"

Ndani, bibi alikuwa anazungumza na mtu. Inspekta alichungulia. Alikuwa anamsalimia mwanamke wa bluu.

"Tangu Ijumaa anakula," alisema Raheli. "Jana ameniita jina langu. Afande, nimemaliza. Nifunge pingu, ila mniache kwanza niwaambie majirani wamuangalie."

"Kuna jambo moja hulijui," Inspekta alisema. "Zabron yuko mahabusu. Kesho anapelekwa mahakamani kwa wizi wako. Kitanda chake kimetupwa barabarani."

Raheli alimshika Inspekta mkono. "Baba Zabron? Kwa nini? Kila fremu imezibwa kwa mkono wangu! Kipofu angejua ni mimi!"

"Mzee wako hakutazama nyuma ya fremu."

"Nipe simu. Afande, naomba simu."

Inspekta alipiga kituoni, akaamuru Zabron aletwe kwenye simu. Raheli aliipokea akiwa amepiga magoti kwenye udongo, akaishika kwa mikono miwili.

"Baba, ni mimi Raheli. Ni mimi niliyeyachukua. Nisamehe, baba. Sikujua wamekushika. Nisamehe." Alisikiliza muda mrefu, machozi yakimdondoka kidevuni. "Anakula, baba. Ndiyo. Hongea, baba," alimshukuru kwa Kishambaa.

Alirudisha simu. Inspekta aliongea na askari wa zamu: mtuhumiwa ameungama, maelezo yameandikwa, Zabron aachiwe sasa hivi. Kisha akamwambia Kassimu apige picha kuta zote nne. Vielelezo vingebaki hapohapo mpaka mahakama iamue. Udongo haupakiwi kwenye gari la polisi.

Mzee Singano alikuwa amesimama mlangoni muda wote huo. Alipogeuka, hasira ilikuwa imemshuka, na alionekana mzee kuliko asubuhi.

"Raheli, nisikilize. Kitambaa nilichoyabandikia nyuma ni kizuri, wino bado haujadhurika sana. Yatabanduka, kama yalivyobanduka kwanza. Tutafanya polepole. Nitaandika kwa Inspekta kwamba nimefuta malalamiko. Huendi jela. Unabaki na mama yako. Sitaki kitu kingine isipokuwa neno moja. Umemwomba radhi mpishi wangu. Niombe na mimi."

Inspekta alifunga daftari. Alitaka msichana akubali. Hakuwa na haki ya kutaka hivyo, lakini alitaka.

"Fikiri," alisema kwa upole. "Nani atamlisha bibi?"

"Majirani wapo. Nimeshawazoesha." Raheli alisimama, akakung'uta magoti. "Baba Zabron nimemkosea, nimemwomba. Wewe mzee, nikikuomba radhi nitakuwa nimesema mama yangu ni mwizi wa ukuta wake mwenyewe. Hati unayo. Dole gumba unalo. Yapeleke mahakamani, wakikupa, njoo umbandulie ukiwa unamtazama usoni."

"Neno moja tu, Raheli. Nani hapa hakukosea?"

"Sijui. Wengine waombane." Alimnyooshea Koplo Kassimu mikono kwa ajili ya pingu. "Shikamoo nimekupa, mzee, na kesho nitakupa tena, maana umenizidi umri. Radhi sikuombi."